Nahodha Aliyefika Peke Yake

Jumatatu, 3 Machi

Kozi ya uongozi imeanza. Tuko saba: viongozi wa zamu wote, pamoja na mtunza stoo, ambaye mpaka sasa hajui aliitiwa nini. Mkufunzi amekuja na viatu vinavyong'aa kuliko mashine yoyote humu kiwandani. Anasema kila tunachohitaji kujua kuhusu kuongoza watu kimo kwenye tenzi za Wayunani wa kale. Miaka karibu elfu tatu! Akatugawia vitabu viwili viwili, tafsiri za Kiswahili zilizotolewa kopi: utenzi wa vita na utenzi wa safari ya kurudi nyumbani. Mtunza stoo alikipima chake kwa mkono kama anayenunua nyama.

Meneja aliniita pembeni. Wewe bado ni kaimu, akasema. Maliza kozi vizuri, mwisho wa mwezi unathibitishwa. Mwanamke wa kwanza kuongoza mafundi hapa. Nikasema asante. Miaka kumi na moja nimeshika spana, halafu nasema asante kama mtoto aliyepewa peremende!

Nyundo, fundi wetu mkuu, alipokiona kitabu aliuliza kama hao Wayunani walikuwa na mashine. Hapana, nikamwambia, walikuwa na mikuki. Basi wana nafuu, akasema, mkuki unauona unakuja. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuna fundi wa kumfikia hapa, na yeye mwenyewe anajua.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma wakati wa chakula, nimekaa juu ya marobota ya maboksi chakavu. Nilidhani nitalala. Wapi!

Mfalme mkuu analazimishwa kumrudisha mateka wake. Aibu imemkaba. Basi afanye nini? Anamnyang'anya mpiganaji wake bora tuzo aliyopewa na jeshi, mbele ya jeshi zima. Mpiganaji anakwenda zake kibandani, anakaa. Hapigani tena. Huku nje watu wanakwisha. Na mfalme kiburi hakimruhusu kusema neno moja tu. Mfalme huyu namjua, kila ofisi ina wake.

Mkufunzi aliuliza mfalme alikosea wapi. Kiongozi wa zamu ya tatu akajibu: alipaswa kuanza na barua ya onyo. Tulicheka. Mkufunzi hakucheka. Anasema mamlaka lazima yaonekane, mfalme alikosea namna ya kuwasiliana tu. Sikubishana. Ukaimu unafundisha adabu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimekata kufuli.

Niliandike kama lilivyokuwa, maana nikiliacha kichwani litabadilika sura. Sufuria ndilo jina la pipa letu la kusagia maboksi. Kina chake ni kama watu wawili wakisimamiana mabegani, na visu viko chini kabisa. Nyaya na nailoni hujisokota kwenye visu, lazima fundi ashuke ndani akazikate. Kabla hajashuka, anazima swichi kuu na kuifungia kufuli lake mwenyewe, lenye kibati cha jina lake. Ufunguo mfukoni. Akitoka analifungua kwa mkono wake. Hakuna mwingine anayeligusa, hata mwenye kiwanda. Mtu akisahau akaondoka na ufunguo, anafuatwa kwao. Ndivyo tulivyokuta, na waliotuachia utaratibu huo hawakuuokota kwenye kitabu.

Saa tisa alasiri, kufuli la Nyundo bado linaning'inia. Daftari la getini linasema alitoka saa nane. Simu yake haipatikani. Kwake ni saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Meneja kasimama nyuma yangu: mzigo wa mteja unatoka leo! Wewe ni kiongozi au tarishi?

Nikachungulia na tochi. Nikaita mara tatu. Nikachukua mkasi wa kukatia nondo.

Sauti ndogo sana kwa jambo lenyewe. Watu kumi na wawili wanaangalia. Sufuria ikazunguka, hakuna aliyeumia, mzigo ukatoka. Meneja akanipiga piga begani. Nilijisikia vizuri. Hilo nalo liandikwe.

Jumatatu, 10 Machi

Nyundo alikuja mezani kwangu na vipande viwili vya kufuli. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza tu: na kama ningekuwa ndani? Nikasema nilichungulia. Akasema mimi ndiye niliyekufundisha kuchungulia, na nilikufundisha pia kwamba jicho ni la kwanza kudanganya.

Alikosea kuondoka na ufunguo. Alikiri mwenyewe, alipata simu ya mtoto kuugua akatoka mbio. Akasema: ningefuatwa ningerudi, hata kwa miguu. Halafu akasema haingii tena kwenye Sufuria zamu yangu.

Neno moja lilinitosha. Samahani, mwalimu. Lilikuwa hapa, ncha ya ulimi. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mtunza stoo katoa kichwa dirishani kama kobe. Nikasema: basi nenda kapake grisi kwenye pampu! Akaenda. Hivyo tu. Akachukua kopo la grisi akaenda.

Jumatano, 12 Machi

Meneja katoa maagizo mawili. La kwanza: Nyundo avuliwe ufundi mkuu wa Sufuria, apewe mwingine. La pili: niandike utaratibu mpya wa makufuli, ubandikwe ubaoni. Nusu ukurasa. Anayehitaji kuwasha mashine achungulie, aite mara tatu, akiona hakuna mtu anaweza kukata. Mkasi utatundikwa pembeni ya swichi.

Nimesaini yote mawili. Nimefika katikati ya utenzi wa vita, naona kabisa mfalme anakokwenda, na bado nimeshika kalamu! Kusoma nako kumbe si dawa.

Ufundi mkuu amepewa shemeji, mume wa mdogo wangu. Si upendeleo, ndiye anayefuata kwa ujuzi. Alipokea kofia nyekundu ya fundi mkuu kwa mikono miwili, akaniinamia. Nashukuru Bi Mkubwa, akasema, mdogo wako leo atanipa mnofu badala ya mfupa. Mafundi wakacheka. Nyundo hakuwepo, alikuwa kwenye pampu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshinda kwa mdogo wangu. Shemeji kasoma kitabu changu kurasa tatu akakirudisha. Vita vya miaka kumi kwa sababu ya mke mmoja? Mimi huyu akiibwa, akasema, sipandi chombo. Nampigia simu dada yake, aliyemchukua atamrudisha mwenyewe kabla ya jioni. Mdogo wangu akamtupia kitambaa cha vyombo.

Wakati wa kunisindikiza akaacha utani. Kwake hiyo ni nadra. Shemeji, akasema, nenda kamwombe radhi yule mzee. Mafundi wananung'unika. Na mimi kwa kweli sipendi kushuka mle wakati mkasi umetundikwa pale. Nikamwambia nitakwenda Jumatatu. Akasema kweli? Nikasema kweli.

Jumatatu, 17 Machi

Sikwenda. Kulikuwa na kikao. Kesho.

Jumanne, 18 Machi

Ee Mungu wangu.

Jumatano, 19 Machi

Shemeji yuko hai. Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Kichwa kimepigwa, hajazinduka. Daktari anasema tusubiri. Mdogo wangu ameshika kiatu chake kimoja tangu jana, hataki mtu amwondolee.

Ilikuwa jana, saa kumi jioni. Shemeji alizima swichi, akafunga kufuli, akashuka. Nyaya zikamshinda. Akapanda kufuata koleo kubwa stoo. Dakika tano! Katika dakika hizo tano mwendesha mashine akafika. Akachungulia, akaita mara tatu. Hakuna mtu, kweli hakuna. Akaenda choo kwanza. Choo! Shemeji akarudi na koleo, akashuka. Yule akatoka chooni moja kwa moja kwenye mkasi. Hakuchungulia tena, alishachungulia. Karatasi yangu haikusema mara mbili.

Alifanya kila neno nililoandika.

Nyundo ndiye aliyezima. Alitoka mbio kule kwenye pampu na mikono yake imejaa grisi, mkono ukateleza kwenye kitufe mara ya kwanza. Akashuka ndani bila kufuli, bila chochote. Akampandisha mabegani. Mimi nilikuwa wapi? Ofisini. Najaza fomu ya tathmini ya kozi. Swali la tano: taja sifa tatu za kiongozi bora.

Alhamisi, 20 Machi

Nusu ukurasa wangu haupo ubaoni. Vimebaki vitundu vinne vya pini. Mkasi haupo.

Meneja alinifungulia mlango mwenyewe, akanivutia kiti. Nikajua kuna jambo. Akasukuma tamko mezani, limeshachapwa. Fundi alishuka bila kufunga kufuli, kinyume cha utaratibu. Mashine iliwashwa kwa nia njema. Uzembe wa fundi mwenyewe. Mwendesha mashine ameshasaini, maskini, ana watoto wanne. Nimebaki mimi.

Nikasema kufuli lilikuwepo. Akauliza uliliona? Hapana, sikuliona kwa macho yangu. Basi unabishia kitu ambacho hukukiona? Ana ulimi huyu mtu! Kisha akashusha sauti: ukisema lilikatwa, watauliza nani aliruhusu kukata. Sahihi ni ya nani? Si yangu, dada yangu. Utakwenda jela wewe, na shemeji yako mguu hautaota. Nirudishie Jumatatu saa mbili asubuhi.

Nimeliweka kwenye begi. Sikulichana. Najiuliza kwa nini sikulichana.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya mwisho ya kozi. Meneja alitaka niende, nisionekane nimeyumba. Nikaenda. Mwili ulikwenda.

Mada: nahodha wa utenzi wa pili. Mkufunzi anampenda huyu kupita kiasi. Miaka kumi ya mawimbi na majitu, hakukata tamaa, akafika kwake! Huo ndio uongozi, akasema. Akaandika USTAHIMILIVU ubaoni kwa kalamu nyekundu.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza alifika na nani.

Peke yake, akasema.

Na mabaharia?

Walikufa. Lakini utenzi wenyewe unasema tangu mwanzo, akasema, kwamba walikufa kwa upumbavu wao. Walichinja ng'ombe waliokatazwa. Nahodha alijitahidi sana kuwaokoa.

Nikasema lakini siku hiyo nahodha alikuwa amelala. Walikuwa na njaa, na yeye alikuwa amelala. Na habari ya hao ng'ombe tumeisikia kwa nani? Kwake mwenyewe, ugenini, mezani, ameshakula ameshiba! Wengine wote wako chini ya bahari, nani ambishie? Merikebu kumi na mbili, mwalimu! Zimejaa watu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kusema ilikuwaje.

Sauti yangu ilikuwa juu, nadhani. Kiongozi wa zamu ya tatu aliangalia viatu vyake. Mkufunzi akasema ni mtazamo wa kuvutia. Kwa kweli alisema hivyo. Akanipa alama tisini na mbili.



Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda kwa Nyundo. Hatimaye. Siku kumi na mbili kwa neno moja.

Yuko uani, anafua ovaroli yake. Damu haikutoka yote. Nikasimama pale kama mdai. Nikasema samahani, mwalimu. Akaendelea kufua. Halafu akasema ungeniambia Jumatatu ile ningevaa kofia yangu tukaendelea. Mimi sikukasirikia kufuli, akasema. Kufuli ni chuma. Nilikaa kwenye pampu nakusubiri uje, na wewe hukuja, na mimi nikaona nikirudi mwenyewe nitaonekana sina thamani. Akasema: mimi nilijua mkasi ule utaua mtu. Nikanyamaza, ili uone. Basi tumeona wote.

Alilia. Sijawahi kumwona. Mtu mzima analia huku anakamua ovaroli.

Kule mwisho wa utenzi wa vita kuna mzee, mfalme, anakwenda kwa mtu aliyemuua mwanawe, anambusu mikono ileile, anamwomba amrudishie maiti. Na yule muuaji anamwinua, wanakula pamoja. Mkufunzi aliiruka sehemu hiyo, alisema haina mafunzo ya kiuongozi! Mimi naona labda ndiyo peke yake. Lakini mle aliyetembea ni yule aliyeonewa. Muuaji alikaa tu kitini, akaletewa msamaha mlangoni.

Nyundo analo kufuli la shemeji. Aliliokota chini ya swichi kabla hawajafagia. Limekatwa, kibati kinaning'inia. Nikanyoosha mkono, akalirudisha mfukoni. Hapana, akasema. Wakiniita nitalitoa. Lakini sitakwenda kukusemea. Wewe ndiye mkubwa wa zamu, sema wewe kwanza.

Nimerudi nikajaza jina langu kwenye tamko. Herufi kubwa, pale panapotakiwa. Sahihi bado. Kwa nini nimejaza jina? Sijui. Mkono ulikuwa mwepesi.

Na niandike na hili, maana hapa hakuna msomaji: jana nesi aliposema hali ya shemeji haijabadilika, kuna kitu ndani yangu kilipumua. Asipozinduka hakuna wa kuuliza. Nilikiwaza. Sekunde moja, lakini nilikiwaza, na nilikuwa nimemshika mdogo wangu mkono.

Jumapili, 23 Machi

Amezinduka!

Saa tatu asubuhi. Mdogo wangu alinipigia analia na kucheka, sikuelewa neno ila moja, njoo. Nikakimbia. Naandikia kwenye benchi la korido, daftari magotini. Wodi iko mlango wa pili. Kunanuka dawa ya sakafu.

Yuko mweupe midomoni, sauti kama ya mtu aliye nyuma ya ukuta. Aliniona akajaribu kutabasamu. Bi Mkubwa, akasema, umekuja na mnofu? Mdogo wangu akamwambia anyamaze, asijichoshe. Mtu wa kiwandani alipita jana, kumbe, akaacha matunda na kumweleza mdogo wangu jinsi ilivyotokea. Kwamba hakufunga kufuli. Mdogo wangu amebishana naye mpaka manesi wakaingilia. Huyu? Huyu hata mlango wa choo anaufunga mara mbili! Kisha akaniangalia. Si ndiyo, dada?

Nilikuwa narekebisha shuka. Shuka halikuwa na tatizo.

Ndipo mgonjwa akanishika kidole. Hana nguvu, alikishika kama mtoto mchanga anavyoshika. Shemeji, akasema, hivi mimi nilifunga? Najaribu kukumbuka sioni kitu. Nakumbuka koleo tu. Wanasema sikufunga. Kama sikufunga nisamehe. Watu watasema ulimpa kazi ndugu yako mzembe. Nimekuharibia.

Nimekuharibia, anasema. Yeye! Ananiomba radhi mimi!

Nikasema ngoja nikakuletee maji. Maji yalikuwepo, jagi zima, pale pale kando ya kitanda. Nikatoka.

Saa tano kasoro. Nina kalamu moja, tamko kwenye begi, na daftari hili. Naweza kuingia nikasema maneno matatu, ulifunga, nilikatisha mimi. Basi. Halafu mdogo wangu aniangalie. Namwona kabisa atakavyoniangalia. Hata jela siiogopi kama jicho lile. Au nikae kimya tu, aamini ni yeye, apone akiamini ni yeye, atembelee gongo maisha yake yote akiniomba msamaha kila sikukuu. Na mimi nimethibitishwa kazini. Alama tisini na mbili.

Mdogo wangu ametoka sasa hivi. Amesimama hapa mbele yangu, kiatu bado anacho, kakibana kwapani. Anasema mgonjwa anakuulizia tena. Hataki kulala. Amesema mimi siamini mtu wa kiwandani, siamini hata kichwa changu, mwulize dada yako, yeye hawezi kunidanganya, atakachosema ndicho.

Nimemwambia namalizia kuandika kitu, tangulia wewe, nakuja.

Ameuliza unaandika nini.

Nimemwambia ya kazini. Hajaondoka. Amekaa pembeni yangu kwenye benchi, ananisubiri nimalize, na mimi naendelea kuandika